Al-Khwarizmi: mtu wa Baghdad anayefundisha hata leo ubaoni Kilembwe

Mwalimu wa darasa la nne la msingi akiandika ubaoni namba mbili, 987 500 na 1 012 000, kisha akauliza ni ipi kubwa, kuna mtoto atakayeinua mkono haraka na kuchagua ya kwanza. Sababu yake inaeleweka. Ile inaanza na 9, hii inaanza na 1, na tangu darasa la kwanza anajua kwamba 9 inapita 1. Kama namba hizo ni franka, mtoto huyo amepoteza franka 24 500.

Huko Kilembwe, katika sekta ya Lulenge, teritwari ya Fizi, kosa kama hilo haliishii darasani. Ni eneo la dhahabu. Kijiwe kidogo kinachobebwa ndani ya karatasi kinaweza kulipwa kwa malaki ya franka, na kinachozidi kidogo kikafika milioni. Mwenye kuuza akiambiwa bei mbili na wanunuzi wawili, anapaswa kujua papo hapo ni ipi inayopita nyingine. Na katika jamaa nyingi, mwenye kusoma ujumbe wa pesa kwenye simu si baba wala nyanya. Ni mtoto wa shule.

Kanuni anayoihitaji mtoto huyo ni fupi: tazama kwanza tarakimu imekaa wapi, kisha ndipo utazame ni tarakimu gani. Haikuanzia Ulaya, ingawa watoto wetu wanaipata kupitia vitabu vya Kifaransa. Ilizaliwa India, na mtu aliyeiandika kwa namna iliyoiwezesha kuzunguka dunia aliishi Baghdad, katika Irak ya leo, miaka karibu 1 200 iliyopita. Jina lake ni Muhammad ibn Musa al-Khwarizmi.

Kijana katika mji mpya

Al-Khwarizmi alizaliwa karibu na mwaka wa 780. Jina lake linaelekeza Khwarazm, nchi iliyo kusini mwa bahari ya Aral, ambayo leo imegawanyika kati ya Uzbekistan na Turkmenistan. Kama ni yeye aliyezaliwa huko au ni wazee wake waliotoka huko, wanahistoria wanabishana hadi leo. Wanachokubaliana ni kwamba maisha yake ya kazi aliyapitisha Baghdad.

Baghdad ilikuwa mji mpya wakati huo. Khalifa al-Mansur aliuanzisha mwaka wa 762 kando ya mto Tigris, na ndani ya miaka michache ukawa mahali ambapo bidhaa za China, India, Afrika na nchi za Wagiriki zilikutana. Pamoja na bidhaa zilifika pia vitabu. Katika miaka ya 770 wataalamu wa nyota kutoka India walileta kwenye jumba la khalifa maandishi yao ya hesabu. Ndani yake mlikuwa na elimu iliyotokana na Brahmagupta, mwanahesabu wa India ambaye mwaka wa 628 alikuwa ameandika kanuni za kutumia sifuri kama namba kamili yenye sheria zake.

Utoto wa Al-Khwarizmi uliangukia katika utawala wa Harun al-Rashid, aliyekufa mwaka wa 809. Baada yake, watoto wake wawili waligombea kiti. Baghdad ikazingirwa, nyumba zikaungua, na mwaka wa 813 ndugu mmoja, al-Amin, akauawa. Aliyeshinda, al-Ma'mun, aliingia Baghdad mwaka wa 819. Wasomaji wa Fizi, ambao wamekimbia makwao na kurudi zaidi ya mara moja, wanajua mji unavyokuwa baada ya vita: madeni yasiyo na maandishi, mashamba yasiyo na mipaka, mali za marehemu zinazogombewa. Katika mji wa namna hiyo ndipo Al-Khwarizmi alianza kuandika.

Al-Ma'mun alipenda elimu. Chini yake, mahali palipoitwa Nyumba ya Hekima palikusanya watafsiri na wataalamu wa dini na makabila mbalimbali. Al-Khwarizmi alikuwa mmoja wao. Alifanya kazi ya nyota, ya ramani, ya hesabu na ya kalenda. Vitabu vyake viwili vya hesabu ndivyo vilivyomfanya ajulikane mpaka leo.

Hesabu kabla ya nafasi

Ili kuelewa alichofanya, yafaa kutazama watu walivyokuwa wanaandika namba mahali pengine.

Njia ya zamani kabisa tunayo hapa hapa mashariki mwa Congo. Mwaka wa 1950, huko Ishango, kando ya ziwa Édouard katika Kivu Kaskazini, Mbelgiji Jean de Heinzelin alichimbua mfupa mdogo wenye mistari iliyokatwa kwa makundi. Una umri wa miaka karibu 20 000, na leo unahifadhiwa Brussels. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mistari hiyo ni hesabu. Lakini kwa njia ya mistari, kitu kimoja ni mstari mmoja. Ukiwa na mbuzi 7 inatosha. Ukiwa na 7 000, mfupa hautoshi.

Waroma walitumia herufi. Tunaziona bado kwenye saa za ukutani na kwenye majina ya mapapa na wafalme. Ubaya wake unaonekana mtu akitaka kulinganisha. Namba 888 kwa Kiroma inaandikwa DCCCLXXXVIII, herufi 12. Namba 1 000 inaandikwa M, herufi moja tu. Anayetazama urefu atadanganyika. Anayetazama herufi ya kwanza naye lazima awe amekariri thamani ya kila herufi, kwa sababu mahali herufi ilipo hapamwambii kama ni mamia au maelfu.

Waarabu nao walikuwa na herufi zao 28, kila moja ikisimama kwa namba yake, kuanzia 1 mpaka 1 000. Makarani walihesabu pia kwa vidole, kwa ufundi mkubwa, lakini mtu asiyekuwa karani hakuweza kuwafuata. Akiambiwa jumla, aliipokea tu. Wenye kulima na wenye kuuza walibaki kutegemea uaminifu wa mwenye kuhesabu.

Alama tisa na duara dogo

Karibu na mwaka wa 825, Al-Khwarizmi aliandika kitabu kifupi kuhusu hesabu za Wahindi. Nakala ya Kiarabu imepotea. Tunakijua kwa sababu kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na nakala za tafsiri hiyo zikabaki.

Ndani yake anaeleza kwamba alama tisa zinatosha kuandika namba yoyote, kwa sharti moja: kila alama ipate thamani kutokana na mahali ilipowekwa. Alama ile ile, ikiwa mahali pa kwanza upande wa kulia, ni moja moja. Ikisogea hatua moja kushoto, ni makumi. Ikisogea tena, ni mamia, kisha maelfu, na kuendelea. Kila hatua kwenda kushoto inazidisha mara 10.

Hapo panatokea swali ambalo kila mwalimu wa Kilembwe amelikuta: mahali pakiwa patupu inakuwaje? Kama kuna mamia 3 na moja moja 5 lakini hakuna makumi, mtu akiandika 3 na 5 peke yake, msomaji ataona 35. Jibu la Wahindi, ambalo Al-Khwarizmi alilieleza kwa uangalifu, ni duara dogo linalowekwa pale pasipo na kitu ili mahali pasipotee. Waarabu waliliita sifr, maana yake kitupu. Kiswahili kikasema sifuri. Kwa njia ya Kilatini na Kiitaliano, neno hilo hilo likawa zéro katika Kifaransa, na kwa njia nyingine likawa chiffre. Mtoto wa Fizi anayejifunza maneno hayo mawili shuleni anajifunza neno moja la Kiarabu mara mbili, na alikuwa nalo tayari nyumbani katika Kiswahili.

Kitabu hicho kilionyesha pia namna ya kusoma namba ndefu. Wakati huo neno milioni halikuwepo. Njia yake ilikuwa kuzihesabu nafasi tatu tatu na kurudia neno elfu: elfu ya elfu, elfu ya elfu ya elfu. Leo tunaacha uwazi mdogo kila baada ya tarakimu tatu kwa sababu ile ile, ili jicho lisipotee. Mtu akiandika 1012000 bila nafasi, hata mwenye shahada anasimama kuhesabu. Akiandika 1 012 000, mtoto anaona milioni mara moja.

Kisha kilifundisha kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa alama hizo, hatua kwa hatua, kila hatua ikifuata nyingine kwa mpango usiobadilika. Anayefuata hatua zote anafika kwenye jibu, awe mtoto wa khalifa au mtoto wa mvuvi.

Kitabu cha urithi na mifereji

Kitabu chake cha pili, alichokiandika karibu na mwaka wa 820, ndicho kilichoipa dunia neno algèbre. Linatokana na al-jabr, neno la Kiarabu linalomaanisha kurudisha kilichovunjika mahali pake, kama mtu anavyounga mfupa. Katika hesabu, ni kukiondoa kitu kinachopunguza upande mmoja kwa kukiongeza pande zote mbili.

Wanafunzi wa shule ya sekondari wanaolalamikia somo hilo wangeshangaa kuona kwamba kitabu chenyewe hakina alama hata moja ya x. Kila kitu kimeandikwa kwa maneno. Swali lake linalojulikana zaidi linatafuta namba ambayo, ikizidishwa yenyewe kwa yenyewe, kisha ikaongezewa mara 10 yake, inatoa 39. Jibu ni 3, kwa sababu 9 na 30 ni 39. Al-Khwarizmi hakutosheka na jibu. Alichora mraba na kuonyesha kwa macho kwa nini njia yake ni ya kweli.

Sehemu kubwa ya kitabu hicho inahusu mambo ya nyumbani na sokoni: kugawa urithi, kugawa faida kati ya wenye biashara moja, kupima shamba, kuchimba mifereji. Karibu nusu yake ni maswali ya urithi tu: mtu amekufa, ameacha mke, watoto wa kiume na wa kike, na deni; kila mmoja apate kiasi gani? Mwenyewe alieleza katika utangulizi kwamba alitaka kuandika yale ambayo watu wanayahitaji kila siku katika mirathi, biashara na kesi zao. Alikuwa mtaalamu wa jumba la khalifa, lakini aliandika akimfikiria mtu anayesimama mbele ya wazee wa ukoo akitaka haki yake.

Ramani inayofika karibu na kwetu

Karibu na mwaka wa 833 Al-Khwarizmi alimaliza kitabu cha sura ya dunia. Aliorodhesha mahali 2 402, miji, milima, mito na visiwa, pamoja na vipimo vya kila mahali. Alianzia kwenye kazi ya Ptolemaios, Mgiriki wa Misri aliyeandika miaka karibu 700 kabla yake, akasahihisha mengi, hasa urefu wa bahari ya Mediterania ambao Ptolemaios aliuzidisha sana.

Nakala moja ya mwaka wa 1037 imehifadhiwa Strasbourg, Ufaransa, na ina ramani nne. Moja ni ya mto Nile. Inaonyesha maji yakishuka kutoka Milima ya Mwezi, yakiingia katika maziwa mawili, kisha yakikutana katika ziwa jingine kabla ya kuelekea Misri. Al-Khwarizmi hakufika huku kamwe. Alipokea habari kutoka kwa waliotangulia. Lakini wazo kwamba Nile inatoka katika milima na maziwa ya katikati ya Afrika lilikuwa na ukweli ndani yake, na wengi leo wanaitaja Ruwenzori wanaposikia Milima ya Mwezi.

Swali hilo lilibaki wazi kwa miaka zaidi ya 1 000, na lilifika mpaka ziwa Tanganyika. Mwaka wa 1858 Waingereza Burton na Speke walipanda mitumbwi kutoka Ujiji hadi Uvira wakitaka kujua kama mto Ruzizi unatoka ziwani kuelekea Nile. Wenyeji waliwaambia kwamba unaingia ziwani. Mwaka wa 1871 Livingstone na Stanley walifika kwenye mdomo wa Ruzizi wakaona wenyewe kwamba wenyeji walisema kweli.

Kuna jambo moja la kushangaza. Wataalamu wa nyota na ramani wa wakati wa Al-Khwarizmi, na wengi waliokuja baada yao, waliendelea kuandika vipimo vyao kwa herufi za zamani, ingawa alama za Kihindi zilikuwepo tayari. Njia bora haishindi siku ile ile inapotokea. Inahitaji mtu wa kuifundisha, darasa kwa darasa.

Miaka 50 na siku 10

Al-Ma'mun alikufa mwaka wa 833. Al-Khwarizmi aliendelea na kazi chini ya makhalifa waliofuata. Habari ya mwisho inayomhusu ni ya mwaka wa 847, na inamwonyesha kama mtu anayekosea.

Mwanahistoria al-Tabari anasimulia kwamba khalifa al-Wathiq, akiwa mgonjwa sana, aliita wataalamu wa nyota ili wamwambie atabaki na maisha gani. Katika orodha ya walioitwa lipo jina la Al-Khwarizmi. Walichunguza nyota za kuzaliwa kwake, wakapiga hesabu, wakatangaza kwamba khalifa ataishi miaka mingine 50. Alikufa baada ya siku 10.

Hesabu yao labda ilikuwa imepigwa bila kosa. Kilichokosekana ni msingi, kwa sababu nyota hazijui siku ya mtu. Ni onyo linalofaa mpaka leo: namba ikiandikwa vizuri haimaanishi kwamba inachosema ni kweli. Mtoto anayejua kulinganisha namba anapaswa pia kujua kuuliza namba imetoka wapi na imehesabiwa na nani.

Al-Khwarizmi mwenyewe alikufa karibu na mwaka wa 850. Sura yake hakuna aliyeichora akiwa hai. Picha ya mzee mwenye kilemba inayoonekana mara nyingi inatoka kwenye stempu iliyotolewa na Muungano wa Kisovieti mwaka wa 1983, na ni mawazo ya mchoraji.

Jina linavuka bahari

Miaka karibu 300 baada ya kifo chake, Wazungu walianza kutafsiri vitabu vyake. Mwaka wa 1145, mjini Segovia, Hispania, Robert wa Chester alitafsiri kitabu cha al-jabr. Kitabu cha namba nacho kikaingia katika Kilatini, na jina la mwandishi likaandikwa Algorizmi. Wasomaji wakadhani ni jina la elimu yenyewe. Kutokana na hilo tuna neno algorithme, mpango wa hatua ambao leo unaendesha kila simu na kila kompyuta. Ujumbe wa pesa unaofika Kilembwe kwa simu umepita ndani ya hatua zinazobeba jina lake.

Afrika nayo ilikuwa njiani. Leonardo wa Pisa, anayeitwa Fibonacci, alijifunza alama hizo akiwa kijana huko Bejaia, katika Algeria ya leo, ambako baba yake alishughulikia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa. Mwaka wa 1202 aliandika kitabu kikubwa kilichowafundisha wafanyabiashara wa Italia.

Hata hivyo, si wote walifurahi. Mwaka wa 1299 chama cha wabadilishaji wa pesa wa Florence kilikataza alama hizo katika madaftari yao. Hofu inayotajwa na wanahistoria ni kwamba sifuri ni rahisi kugeuzwa kuwa 6 au 9. Hofu hiyo haikufa. Ndiyo maana hata leo kwenye risiti zetu kiasi kinaandikwa kwa tarakimu, kisha kinarudiwa kwa maneno.

Kutoka pwani hadi Tanganyika

Kwetu namba zilikuja kwa njia nyingine. Moja, mbili, tatu, nne, tano, nane na kumi ni maneno ya Kibantu. Sita, saba, tisa, ishirini, thelathini, mia na elfu yametoka katika Kiarabu. Laki, yaani 100 000, ilitoka India, ingawa huku kwetu wengi wanasema elfu mia moja. Katika karne ya 19 maneno hayo yalivuka ziwa Tanganyika pamoja na misafara ya Waarabu na Waswahili iliyotoka pwani kupitia Tabora na Ujiji, ikaingia Uvira, Fizi na Maniema hadi Kasongo na Nyangwe. Misafara hiyo ilileta vitambaa na lugha. Ilichukua pembe za tembo na watu.

Lakini Kiswahili cha Congo kilifanya jambo lake. Mahali ambapo mtu wa pwani anasema thelathini na tano, huku wengi wanasema makumi tatu na tano. Wapo wanaolichukulia hilo kama Kiswahili cha barabarani. Mbele ya ubao, ni msaada mkubwa. Neno thelathini halimwonyeshi mtoto kitu, lazima alikariri. Makumi tatu yanamwambia wazi: mahali pa makumi kuna 3. Ni kanuni ya Al-Khwarizmi ikisemwa kwa mdomo, na mtoto ameingia nayo darasani tangu nyumbani.

Wazee na sifuri za Zaire

Wazee wa Fizi wana somo lao la namba kubwa, na hawakulipata shuleni. Katika miaka ya mwisho ya Mobutu pesa ilipoteza nguvu mpaka ikatolewa noti ya zaire 5 000 000. Mwanzoni mwa mwaka wa 1993 wanajeshi walilipwa kwa noti hiyo, wafanyabiashara wakaikataa, na fujo ikazuka Kinshasa. Mwaka huo huo ikaja zaire mpya, moja ikichukua nafasi ya zaire za zamani 3 000 000. Mwaka wa 1998 ikaja franka ya Congo, moja kwa zaire mpya 100 000. Mtu akizidisha, atakuta kwamba franka moja ya mwaka wa 1998 ilikuwa sawa na zaire za kwanza 300 000 000 000.

Aliyeishi wakati huo anajua kwamba sifuri moja ikiongezeka au ikikosekana, gunia la mihogo linageuka kuwa bakuli.

Tena ubaoni

Turudi basi kwenye darasa la Kilembwe. Mwalimu hahitaji kitabu cha bei ili kufundisha jambo hili. Vizibo vya chupa, vijiti, mbegu za maharagi na mistari iliyochorwa chini vinatosha. Vijiti 10 vinafungwa kuwa fungu moja la makumi, mafungu 10 yanakuwa mia. Mtoto akishalifunga fungu kwa mikono yake, hawezi tena kudhani kwamba 1 ya mamia ni sawa na 1 ya moja moja.

Baada ya hapo hatua ni chache. Kwanza, hesabu tarakimu za kila namba: yenye nyingi ndiyo kubwa, mradi haianzi na sifuri. Kwa hiyo 1 012 000, yenye tarakimu 7, inapita 987 500 yenye 6, hata kama ya pili inajivunia 9 yake. Pili, kama idadi ya tarakimu ni sawa, anzia kushoto, mahali pakubwa kuliko pote, ulinganishe mahali kwa mahali. Tatu, pale zinapoachana kwa mara ya kwanza ndipo penye jibu. Zinazofuata kulia haziwezi kulibadilisha.

Mfano mzuri ni nchi yetu yenyewe. Congo ina kilomita za mraba 2 345 410. Algeria ina 2 381 741. Zote zina tarakimu 7. Mamilioni ni sawa, 2 kwa 2. Malaki ni sawa, 3 kwa 3. Kwenye makumi elfu, Congo ina 4 na Algeria ina 8. Hapo kazi imeisha: Algeria ni kubwa zaidi, na Congo ni ya pili katika Afrika. Mtoto anayeona Congo ina 5 kwenye maelfu na Algeria ina 1, akataka kubishana, anakumbushwa kwamba swali lilishajibiwa hatua moja kabla.

Al-Khwarizmi hakuacha mali inayojulikana, wala kaburi ambalo mtu anaweza kulitembelea. Aliacha njia inayomwezesha asiye karani kumkagua karani. Mtoto wa Kilembwe aliyeielewa anaweza kusimama kando ya mama yake mbele ya mizani ya dhahabu, akasoma bei mbili zilizoandikwa kwenye kikaratasi, na kumnong'oneza ni ipi inayopita nyingine kabla mkono wa mnunuzi haujakifunika.